RENAMO na Ujasusi wa Majirani: Historia ya Vita vya Msumbiji, 1976–1992

Vita vilivyoiangamiza Msumbiji kati ya 1976 na 1992 vinaonyesha, pengine kwa uwazi kuliko vita vingine vya Afrika baada ya uhuru, jinsi idara ya ujasusi ya nchi moja inavyoweza kuunda kundi la wapiganaji ndani ya nchi jirani, kulilisha, kulipa silaha na kituo cha redio, na kisha kulirithisha kwa idara ya nchi nyingine pindi dola iliyoliunda inapoanguka. Kundi hilo lilikuja kujulikana kwa jina la RENAMO, kifupi cha maneno ya Kireno yenye maana ya Upinzani wa Kitaifa wa Msumbiji. Watu wanaokadiriwa kufika milioni moja walikufa kwa silaha, njaa na maradhi yaliyotokana na vita hivyo, mamilioni wakahama makwao, na Malawi peke yake ikajikuta mwanzoni mwa miaka ya 1990 inahifadhi wakimbizi zaidi ya milioni moja. Kwa muda mrefu historia ya maafa haya imesimuliwa nusu nusu: chama tawala cha FRELIMO kilisisitiza mkono wa nje ili kufunika makosa yake, na wapinzani wake wakasisitiza makosa hayo ili kufunika mkono wa nje. Ukweli unazibeba nusu zote mbili, na bila kuziweka pamoja haiwezekani kueleza kwa nini kundi lililoanzishwa na majasusi wachache liliweza kupigana kwa miaka kumi na sita.

Chimbuko la uhasama huo limo katika ramani ya kusini mwa Afrika ya miaka ya 1960. FRELIMO, chama cha ukombozi wa Msumbiji, kiliundwa Dar es Salaam tarehe 25 Juni 1962, na ni katika mji huohuo ambamo rais wake wa kwanza, Eduardo Mondlane, aliuawa kwa bomu lililofichwa ndani ya kifurushi cha kitabu tarehe 3 Februari 1969. Upande wa magharibi, serikali ya walowezi wachache wa Rhodesia chini ya Ian Smith ilijitangazia uhuru mwaka 1965 bila ridhaa ya Uingereza, ikawekewa vikwazo vya kimataifa, na ikabaki ikitegemea bandari na reli za Msumbiji, ambayo wakati huo ilikuwa koloni la Ureno. Kwa hiyo majasusi wa Salisbury, mji mkuu wa Rhodesia ambao leo ni Harare, walishirikiana kwa karibu na polisi wa siri wa Ureno waliojulikana kama PIDE, hasa baada ya wapiganaji wa ZANLA, jeshi la chama cha ZANU cha Zimbabwe, kuanza kupitia maeneo yaliyokombolewa na FRELIMO mkoani Tete na kushambulia mashamba ya walowezi kaskazini mwa Rhodesia. Mapinduzi ya kijeshi ya Lisbon ya tarehe 25 Aprili 1974 yaliuvunja ushirikiano huo kwa mara moja, na Msumbiji ilipopata uhuru tarehe 25 Juni 1975 chini ya Samora Machel, Rhodesia ilijikuta na mpaka wa zaidi ya kilomita 1,200 na dola iliyoahidi waziwazi kuwasaidia wanaoipiga.

Ahadi hiyo haikuishia katika hotuba. Mwezi Machi 1976 Machel aliufunga mpaka na kutekeleza vikwazo vya Umoja wa Mataifa, hatua iliyoinyima Msumbiji mapato makubwa ya bandari na reli, na akawaachia ZANLA kambi katika mikoa ya Manica, Tete na Gaza. Rhodesia ilijibu kwa mashambulizi ya kuvuka mpaka, na katika yale ya Nyadzonya ya Agosti 1976 na ya Chimoio ya Novemba 1977 mamia ya watu waliuawa, wakiwemo wakimbizi wasiokuwa na silaha. Uvamizi wa wazi ulikuwa na gharama zake, hata hivyo, kwa kuwa uliwaudhi wachache waliokuwa bado wanaivumilia serikali ya Smith na kuwapa majirani sababu ya kuomba silaha zaidi kutoka Umoja wa Kisovieti na China. Njia ya siri ilionekana kuwa nafuu zaidi, na aliyeisimamia alikuwa Ken Flower, mkuu wa Shirika Kuu la Ujasusi la Rhodesia, yaani CIO, ambaye katika kumbukumbu zake zilizochapishwa mwaka 1987 alikiri bila kificho kwamba shirika lake ndilo lililoianzisha RENAMO.

Mpango wa CIO ulijengwa juu ya nguzo tatu. Ya kwanza ilikuwa redio: mwaka 1976 kituo kilichoitwa Sauti ya Afrika Huru, kwa Kireno Voz da África Livre, kilianza kurusha matangazo kutoka Rhodesia kikiikashifu serikali ya Machel, na nyuma ya kipaza sauti alikuwepo Orlando Cristina, Mreno aliyewahi kumtumikia Jorge Jardim, mfanyabiashara mwenye nguvu wa Beira katika enzi ya ukoloni. Nguzo ya pili ilikuwa watu, ambao walipatikana kwanza miongoni mwa Waafrika waliotumikia vikosi vya kikoloni, vikiwemo vile vya Flechas vilivyokuwa chini ya PIDE, kisha miongoni mwa wanajeshi walioasi FRELIMO na wafungwa waliotoroka kambi za mafunzo mapya, jina lililopewa kambi za kazi ambako serikali iliwapeleka wahalifu, washukiwa wa siasa na watu waliodaiwa kuwa na mwenendo mbaya. Nguzo ya tatu ilikuwa kambi ya mafunzo ya Odzi, karibu na Mutare, ambako maofisa wa Rhodesia waliwafundisha namna ya kulipua madaraja, kuvamia maduka ya vijijini na kupeleleza nyendo za ZANLA. Kiongozi wa kwanza wa wapiganaji hao, André Matsangaissa, alikuwa mwenyewe mwanajeshi wa zamani wa FRELIMO aliyetoroka kutoka kambi ya aina hiyo, na miongoni mwa operesheni zake za mwanzo ilikuwa kurudi Gorongosa kuwafungua wafungwa wenzake na kuwaingiza jeshini. Lengo la waundaji halikuwa kuiondoa FRELIMO madarakani, jambo ambalo hakuna aliyeliona kuwa linawezekana, bali kuishughulisha nyumbani kwake hadi ishindwe kuwahudumia wageni wake.

Kwa vipimo hivyo kundi hilo lilipaswa kufa mwaka 1979. Matsangaissa aliuawa Oktoba mwaka huo alipoushambulia mji wa Gorongosa, ugomvi wa urithi ulioishia kwa kumpa uongozi Afonso Dhlakama ukawagawa wafuasi wake, na mwezi Desemba mkataba wa Lancaster House uliotiwa saini London ulifungua njia ya uchaguzi ulioipa ZANU ushindi na kuizaa Zimbabwe huru tarehe 18 Aprili 1980. Kilichotokea katika wiki chache kabla ya siku hiyo ndicho kilichoamua hatima ya Msumbiji kwa miaka kumi na miwili iliyofuata. Badala ya kulivunja kundi walilolilea, majasusi wa Rhodesia walilikabidhi kwa Idara ya Ujasusi wa Kijeshi ya Afrika Kusini, ambayo iliwasafirisha wapiganaji, wakufunzi na mitambo ya redio kwa ndege na magari hadi Transvaal, ambako waliwekewa kambi karibu na Phalaborwa. Flower mwenyewe alibaki Harare, akaendelea kwa muda kuongoza shirika lilelile chini ya serikali mpya ya Robert Mugabe, wakati silaha aliyoifua ilikuwa tayari imepata mmiliki mwingine.

Mmiliki huyo alikuwa na nguvu kubwa zaidi na shabaha pana zaidi. Serikali ya P. W. Botha ilikuwa imeshika mkakati ulioitwa wa jumla, yaani fundisho kwamba utawala wa ubaguzi wa rangi ulikuwa umezingirwa kila upande na kwamba ulipaswa kujihami kwa kuunganisha jeshi, uchumi, propaganda na ujasusi, ndani ya nchi na nje ya mipaka. Kitisho chake cha karibu kilikuwa ANC, chama cha ukombozi cha Afrika Kusini kilichokuwa na ofisi na makazi Maputo. Kitisho kingine kilikuwa cha kiuchumi: tarehe 1 Aprili 1980 nchi tisa, Tanzania na Msumbiji zikiwemo, zilianzisha Lusaka jumuiya ya SADCC kwa nia ya kupunguza utegemezi wao kwa bandari na reli za Afrika Kusini. Nia hiyo ilitegemea njia tatu za Msumbiji, yaani reli za Nacala, Beira na Limpopo, kwa kuwa ndizo zilizokuwa fupi kuliko zote kwa Malawi, Zimbabwe na Zambia kuifikia bahari. Kwa sababu hiyo RENAMO mpya ilielekezwa kwenye reli, madaraja, mabomba ya mafuta na nguzo za umeme, na kila ilipofanikiwa, shehena za majirani zililazimika kurudi katika bandari za kusini kwa gharama kubwa zaidi. Uharibifu huo haukumwacha hata mfadhili, kwa kuwa mamia ya minara iliyobeba umeme wa bwawa la Cahora Bassa kuelekea Afrika Kusini yenyewe iliangushwa, ishara kwamba wakuu wa jeshi la Botha walikuwa tayari kupoteza umeme wa nchi yao ili jirani asipate mapato.

Vita vya siri viliambatana na mashambulizi yasiyofichwa. Tarehe 30 Januari 1981 makomando wa Afrika Kusini walivamia nyumba za ANC huko Matola, kando ya Maputo, na tarehe 17 Agosti 1982 bomu la kifurushi lilimuua Ruth First, msomi na mpinzani wa ubaguzi wa rangi, ndani ya ofisi yake katika Chuo Kikuu cha Eduardo Mondlane. Miaka mingi baadaye jasusi wa polisi Craig Williamson alipewa msamaha na Tume ya Ukweli na Maridhiano ya Afrika Kusini baada ya kukiri kuhusika kwake. Ikiwa imebanwa na vita pamoja na ukame uliosababisha njaa kali mwaka 1983 na 1984, serikali ya Machel ilikubali kuzungumza na mtesi wake, na tarehe 16 Machi 1984 Machel na P. W. Botha, aliyekuwa wakati huo waziri mkuu, walitia saini Mkataba wa Nkomati kwenye ukingo wa mto wa mpakani, kila upande ukiahidi kutowaruhusu maadui wa mwenzake kutumia ardhi yake. Msumbiji ilitimiza sehemu yake kwa kuwaondoa wanachama wengi wa ANC, uamuzi uliowatia uchungu marafiki zake wa muda mrefu. Afrika Kusini haikutimiza yake. Ushahidi ulipatikana Agosti 1985, wakati majeshi ya Zimbabwe na Msumbiji yalipoiteka Casa Banana, makao makuu ya RENAMO kwenye milima ya Gorongosa, na kukuta shajara za katibu wa Dhlakama zilizoandika kwa tarehe jinsi shehena za silaha zilivyorundikwa kabla ya kutiwa saini ili zitoshe miezi mingi, jinsi zilivyoendelea kuletwa baadaye, na jinsi naibu waziri wa mambo ya nje wa Afrika Kusini, Louis Nel, alivyofika msituni kwa ndege. Waziri wake, Pik Botha, alikiri kwamba mawasiliano yaliendelea, akauita ukiukaji huo wa kiufundi tu.

Mwanakijiji hakuyajua maneno hayo ya kidiplomasia, lakini ndiye aliyelipia gharama yake. Ripoti iliyoandaliwa mwaka 1988 na Robert Gersony kwa ajili ya Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani, kutokana na mahojiano na wakimbizi karibu 200 katika nchi tano, ilieleza kwamba RENAMO iliigawa nchi katika maeneo ya aina tatu: yale ya kodi, ambako wakulima waliotawanyika walitozwa chakula na kulazimishwa kubeba mizigo, yale ya udhibiti, ambako watu walikusanywa karibu na kambi na kulimishwa kwa nguvu, na yale ya uharibifu, yaliyokuwa na zahanati, shule au watumishi wa serikali, ambayo yalivamiwa mpaka yakawa hayakaliki tena. Gersony alikadiria kwamba raia wasiopungua 100,000 huenda waliuawa, na sehemu kubwa mno ya ukatili uliosimuliwa na mashahidi wake ilitendwa na RENAMO. Watoto walitekwa na kufanywa wapiganaji, wanawake wakafanywa wake wa makamanda bila hiari yao, na walimu na wauguzi wakawindwa kwa sababu ndio waliokuwa sura ya dola mashambani. Tarehe 18 Julai 1987 katika mji wa Homoíne, mkoani Inhambane, watu 424 waliuawa kwa mujibu wa hesabu ya serikali, baadhi yao wakiwa wagonjwa hospitalini. RENAMO ilikana kuhusika, lakini jina la mji huo limebaki katika kumbukumbu za Wamsumbiji kama alama ya vita vyote.

Fedha na silaha za kigeni, pamoja na wingi wake wote, hazitoshi kueleza jinsi kundi lililokuwa na watu wachache mwaka 1980 lilivyofikia wapiganaji wapatao 20,000 na kuenea mikoa yote. Mwanaanthropolojia Mfaransa Christian Geffray, aliyefanya utafiti wilayani Eráti mkoani Nampula, alionyesha katika kitabu chake cha 1990 kwamba baadhi ya jamii ziliipokea RENAMO kwa sababu serikali ilikuwa imewatendea kama watu wasio na historia. FRELIMO iliwaondoa watemi na majumbe, waliojulikana kama régulos, kwa hoja kwamba walikuwa mawakala wa ukoloni. Ilizuia matambiko na kuyabana makanisa. Na iliwahamishia wakulima katika vijiji vya pamoja, vilivyofanana kwa sura na vijiji vya ujamaa vya Tanzania, mara nyingi kwa kuchomewa nyumba zao na kuachishwa mashamba na makaburi ya wazee wao. Mwaka 1983 viboko vya hadharani vilirudishwa kisheria, na katika operesheni iliyoitwa ya uzalishaji maelfu ya wakazi wa mijini wasiokuwa na hati za kazi walikamatwa na kupelekwa kwa nguvu katika mkoa wa mbali wa Niassa. RENAMO iliwarudishia watemi vyeo, ikawaheshimu waganga na mizimu, na kwa njia hiyo ikapata utii mahali ambapo bunduki peke yake isingeupata. Watafiti wengine wamepinga kuipa hoja hiyo uzito kupita kiasi, wakikumbusha kwamba wapiganaji wengi waliingia jeshini kwa kutekwa wala si kwa kuridhika, na pingamizi lao lina nguvu kubwa katika mikoa ya kusini, ambako kundi hilo halikutafuta kupendwa na mtu yeyote. Linalobaki bila kupingika ni kwamba majasusi walileta mbegu, na dola changa, kwa haraka yake ya kuwabadilisha watu bila kuwasikiliza, ikailimia shamba.

Kufikia katikati ya miaka ya 1980 vita hivyo vilikuwa vimeziingiza nchi zote za jirani. Zimbabwe ilipeleka maelfu ya wanajeshi kulinda njia ya Beira, yenye urefu wa takriban kilomita 300 kutoka mpakani hadi baharini, na ikalipizwa kwa mashambulizi katika vijiji vyake vya mashariki. Malawi ya Hastings Banda ilikuwa na uhusiano wa kibalozi na Afrika Kusini na ilishutumiwa kwa kuwapa waasi maficho, kiasi kwamba Septemba 1986 Machel, Mugabe na Kenneth Kaunda wa Zambia walikwenda Blantyre kumtaka Banda aache. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 19 Oktoba 1986, ndege iliyombeba Machel kutoka Zambia ilianguka Mbuzini, ndani ya Afrika Kusini, akafa pamoja na wenzake zaidi ya 30. Tume ya Afrika Kusini iliwalaumu marubani, wataalamu wa Kisovieti wakashuku kwamba ndege ilipotoshwa na mawimbi ya redio ya uongo, na Tume ya Ukweli na Maridhiano haikuweza kufikia hukumu. Wapiganaji waliofukuzwa Malawi walimiminika mkoani Zambezia, na ni huko ambako wanajeshi wa Tanzania walipelekwa kulisaidia jeshi la Joaquim Chissano, mrithi wa Machel, hadi walipoondoka mwishoni mwa 1988. Baadhi ya Watanzania waliokufa katika ardhi ya Msumbiji wamezikwa katika Makaburi ya Mashujaa ya Naliendele, mkoani Mtwara.

Vita havikumalizwa na ushindi wa upande wowote. Viongozi wa dini, wakiwemo Askofu Mkuu Mkatoliki wa Beira, Jaime Gonçalves, na Askofu Mwanglikana Dinis Sengulane, walikutana na wajumbe wa RENAMO Nairobi mwaka 1989, katika juhudi zilizowashirikisha Daniel arap Moi wa Kenya na Mugabe kama wasuluhishi. Wakati huohuo ukuta wa misaada ulikuwa unabomoka pande zote mbili: F. W. de Klerk alikuwa ameanza kuufungua mfumo wa Afrika Kusini, Umoja wa Kisovieti ulikuwa unajiondoa, na ukame wa 1992 haukuwaachia wapiganaji chochote cha kupora. Mazungumzo yaliyoanza Roma Julai 1990 chini ya Jumuiya ya Sant'Egidio, ambayo ni jumuiya ya walei Wakatoliki, yalizaa Mkataba Mkuu wa Amani uliotiwa saini na Chissano na Dhlakama tarehe 4 Oktoba 1992. Umoja wa Mataifa ulisimamia kunyang'anya silaha, ingawa nyingi zilibaki zimefukiwa, na katika uchaguzi wa Oktoba 1994 FRELIMO ilipata viti 129 na RENAMO 112 kati ya 250. Matokeo hayo yaliwashangaza waliodhani kwamba kundi lililotenda ukatili wa namna ile lisingepata kura, na yanathibitisha jinsi manung'uniko ya vijijini yalivyokuwa na kina.

Amani hiyo ilinunuliwa kwa msamaha wa jumla, na kazi ya kuponya iliachiwa familia, makanisa na waganga wa jadi, ambao katika sehemu nyingi waliwatakasa wapiganaji waliorudi kabla ya kuwaruhusu kukaa na watu. Hakuna ofisa wa ujasusi wa Rhodesia wala wa jeshi la Afrika Kusini aliyesimamishwa mahakamani kwa ajili ya vijiji vya Msumbiji. Rhodesia ilitoweka mwaka 1980 na utawala wa ubaguzi wa rangi mwaka 1994, lakini kundi walilolirithishana liliingia tena msituni mwaka 2013, na kambi yake ya mwisho, ya Vunduzi huko Gorongosa, ilifungwa Juni 2023, miaka mitano baada ya kifo cha Dhlakama na miaka arobaini na tatu baada ya kuanguka kwa dola iliyoliunda. Historia hiyo inatoa hukumu mbili kwa serikali za ukanda huu, ambako tuhuma za kuwapa waasi wa jirani silaha na maficho hazijakoma: anayeunda kundi la siri hana uwezo wa kulivunja, na anayewanyamazisha wananchi wake mwenyewe humrahisishia jirani mwenye hila kazi ambayo isingewezekana kwa fedha peke yake.